Gundi ya Mjomba

Mjomba wa mume wangu haiamini gundi ya dukani. Hawaamini pia madaktari wa meno, wala mtu yeyote anayemwambia "mzee, niachie mimi", ila kwenye gundi ndipo sauti yake inapopanda. Alizaliwa humu humu Mtaa wa Narung'ombe, akaondoka kijana kwenda Njombe kufanya kazi kwenye kiwanda cha miwati, akastaafia huko. Siku aliyorudi alikuwa na begi la nguo, redio, na mfuko wa saruji uliojaa unga wa hudhurungi ambao hakutaka kusema ni wa nini. Mama mkwe wangu, ambaye ni dada yake mkubwa na ndiye mwenye nyumba, aliuchota kwa vidole viwili, akaunusa, akasema ni ugoro. Ukawekwa stoo, na Mjomba akawekwa stoo pamoja nao.

Nyumba yetu ni ya Kiswahili, aina ambayo Kariakoo sasa zinahesabika: korido katikati, vyumba kulia na kushoto, ua nyuma. Kulia ghorofa, kushoto ghorofa. Jua linatufikia saa sita na saa saba limeshaaga. Mimi na baba watoto tuna chumba na sebule mbele, dirisha linatazama barazani. Mama yuko chumba cha mwisho karibu na ua, ambako hakipikwi kitu asikijue. Katikati wapo wapangaji: fundi cherehani na mkewe, na mzee mmoja wa Kimanyema asiyekosa sala ya jamaa.

Masika ya mwaka huo mitaro iliziba. Maji yalipanda barazani usiku, yakaingia sebuleni bila hodi, yakalala chini ya kabati la vyombo. Kabati lenyewe ni la chipbodi, limevikwa ngozi nyeupe inayong'aa. Lilikuja kwa guta likiwa vipande vipande, vijana wawili wakaliunga kwa skrubu mle mle sebuleni, na kwa muda lilikuwa fahari yangu. Asubuhi miguu na ubao wa chini vilikuwa vimeumuka kama mandazi. Mlango mmoja haufungi, mwingine haufunguki, na huo uliogoma kufunguka ndio uliohifadhi vikombe vya harusi vya Mama. Baba watoto akavitoa kwa kubandua mgongo wa kabati. Kimoja kikafa.

Mjomba alichuchumaa, akakwangua pembe kwa ukucha. Ikammwagikia kiganjani, chenga tupu.

"Mwanangu," akaniambia, "hii si mbao. Haya ni makombo ya mbao yaliyopatanishwa na gundi, na gundi ndiyo iliyokimbia."

Hapo alisema kweli. Chipbodi nyingi hugandishwa kwa gundi ya urea na fomaldehaidi. Urea ndiyo ile ile ambayo wakulima wa Njombe wanaitia kwenye mahindi. Kiwandani chenga hupakwa gundi, hukandamizwa kwenye mashine yenye moto, na dakika chache baadaye bodi inatoka. Gundi hii ni ya bei nafuu, haina rangi, inashika upesi. Ubaya wake ni kwamba vifungo vyake hukatika vikikutana na unyevu na joto, na Dar es Salaam unyevu na joto havijawahi kwenda likizo. Ile harufu inayochoma macho ukifungua kabati jipya ni fomaldehaidi inayotoroka. Binti yetu, aliye mwaka wa pili Mlimani, alitusomea kwenye simu kwamba tangu 2004 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani imeiingiza kwenye orodha ya vitu vinavyomletea binadamu saratani. Mama akauliza hiyo saratani inatoka kwenye kabati au kwenye simu.

Baba watoto alitaka kabati liende Keko kwa mafundi samani, libadilishwe miguu, yaishe. Ni mtu wa amani, hapendi jambo linalozidi wiki.

"Keko watakupaka gundi nyeupe," Mjomba akamjibu. "Gundi nyeupe inatoka kwenye petroli, na maji yakilala juu yake nayo inalegea. Nchi nzima imejaa miti yenye utomvu, watoto wananasa ndege kwa ulimbo wa mfenesi, halafu mimi ninunue gundi ya kopo? Kabati hili halitoki humu. Nitalishika kwa mimea."

"Anza na kikombe changu," akasema Mama.

Alianza na muhogo. Mjini hapa nani asiyeujua uji wa muhogo? Ndio unaobandika mabango ya muziki kwenye kuta na karatasi za tiara kwenye njiti. Mjomba alikuna muhogo mbichi, akauchuja kwa kitambaa juu ya beseni, akaacha maji yatulie. Wanga ukakaa chini, mweupe na mgumu, ukiuminya kwa kidole unalia. Kisha jiko. Wanga ukifika nyuzi sitini na kitu, punje zake hunywa maji, huvimba na kupasuka, na ule uliokuwa maziwa unageuka ghafla kuwa ute mzito, mwangavu. Akaongeza boraksi, aliyoipata kwa sonara wa mtaa wa pili, maana masonara huitumia kuunganishia dhahabu. Mwiko ukavuta uzi kutoka sufuriani hadi usawa wa kifua chake. Viwanda vya maboksi na mifuko ya karatasi hutumia ujanja huo huo, akatuambia, akausimamisha mwiko hewani tuone.

Jaribio la kwanza halikuwa kabati. Lilikuwa mbuzi ya Mama ya kukunia nazi, iliyolegea mguu tangu enzi. Akaupaka ute, akaukaza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, akauacha ukauke. Alipoufungua alimwita fundi cherehani auvute. Fundi akavuta, akaweka goti, akavuta tena. Mguu haukutikisika. Mjomba akatembea koridoni jioni ile akipokea pongezi ambazo hakuna aliyekuwa amezitoa.

Ilikuwa Ramadhani, na kesho yake ilikuwa Ijumaa. Mke wa fundi cherehani alikuta sufuria ya ute uani, akaona wanga umeshapikwa, akashukuru Mungu, akaupigia kanzu ya yule mzee wa Kimanyema anayemfulia. Hakujua habari za boraksi. Kanzu ilipokauka ilisimama yenyewe ukutani, bila msumari. Mzee aliivaa kwa kuingia, si kwa kuivuta, akaenda msikitini akikatika pembe nne, na baada ya sala wanaume watatu walimfuata kuuliza anafuliwa wapi. Nilikuja kujua baadaye kwamba madobi wa zamani walikuwa wakichanganya boraksi na wanga makusudi ili nguo ikakamae na kung'aa. Kwa hiyo gundi ya muhogo ilifaulu sana, ila kwenye kanzu.

Kwenye mbuzi mambo yalikuwa mengine. Mama aliiketia kukuna nazi za futari, akakuna ya kwanza, ya pili, maji ya nazi yakichuruzika, mara ikamwachia. Hakuumia. Lakini alikaa pale chini, nazi mkononi, miguu imenyooka, akamwita mdogo wake kwa jina lake la utotoni ambalo sijawahi kulisikia kabla wala baada.

Kosa si la Mjomba, ni la wanga. Kinachoufanya ushike ni ule uroho wake wa maji. Ndio unaoufanya ulainike sufuriani na uingie kwenye vinyweleo vya mbao. Maji yakirudi, uroho unarudi. Kukausha hakuubadilishi tabia. Gundi ya mimea inayoshika mbao kavu hata mtoto ataipika. Shida yote iko kwenye maji. Juu ya hayo wanga ni chakula, na Kariakoo panya na mende nao wanafuturu.

Binti yetu akaona afadhali aingilie kati kabla babu yake hajafika kwenye kitanda. Akamwambia dawa ni soya. Wamarekani waliunga plaiwudi kwa unga wa soya tangu miaka ya 1920, wakiutia chokaa na magadi makali, kwa sababu protini ya soya imejikunja, na dawa hizo huikunjua ikapata mikono ya kushikia mbao. Gundi za petroli zilipokuja zikaifukuza. Halafu profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Kaichang Li, akawatazama kome wa pwani walivyogandamana na mwamba huku mawimbi yakiwapiga, akajiuliza wanashika vipi ndani ya maji. Akairekebisha soya ifanane na protini ya kome. Kuanzia 2005 kampuni ya Columbia Forest Products ikatengeneza plaiwudi kwa gundi hiyo, na 2007 wakapewa tuzo ya serikali ya Marekani ya kemia isiyochafua mazingira.

Mjomba alisikiliza kwa adabu mpaka kwenye kome. Hapo akavaa viatu kwenda soko la samaki la Feri.

"Babu, kome hawamo kwenye gundi," binti akamkimbilia hadi barazani. "Ni mfano tu."

Akarudi, akaudhika, akakoroga soya na chokaa vivi hivi. Sitaki kusema mengi juu ya soya. Ilinuka, na harufu ilipokwisha panya walikuja.

Korosho ndiyo iliyotutia kwenye midomo ya mtaa. Maganda ya korosho yana mafuta meusi, mazito, yanayobabua ngozi. Wanawake wanaobangua korosho Mtwara na Lindi wanayajua kwa vidole vyao. Ndani yake mna vitu vya jamii ya fenoli, ukoo ule ule wa kemikali unaotengenezewa gundi za plaiwudi isiyoogopa mvua. Dunia huyanunua mafuta hayo kwa ajili ya rangi na breki za magari. Sisi korosho zetu nyingi tunazipakia na maganda yake kwenda India na Vietnam, kwa hiyo mafuta nayo yanapanda meli. Jambo hilo lilimuuma Mjomba kuliko kabati. Alipolieleza alinielekezea kidole mimi, nadhani kwa kuwa nilikuwa karibu.

Gunia la maganda lilifika kutoka Mkuranga juu ya basi. Akalichagulia siku ambayo Mama amekwenda khitma Temeke. Akatoboa debe chini, akalijaza maganda, akaliweka juu ya moto uani na sinia chini ya tundu kupokea mafuta. Mafuta yalitoka, siwezi kumdhulumu. Yalidondoka taratibu, meusi, yaking'aa. Moshi nao ulitoka. Haukupanda, maana maghorofa ya pande zote yameziba upepo. Uliingia koridoni, ukapita chumba kwa chumba, ukatokea barazani na kuwafuata wauza mitumba waliokuwa wamepanga mali yao pale. Ulikuwa moshi wa kuwasha: macho, koo, nyuma ya masikio. Fundi cherehani alitoka na suruali ya mteja usoni. Mzee wa Kimanyema alitoka na ile kanzu, na ndiyo siku iliyolegea. Kuna aliyepiga simu zimamoto. Gari halikupita kwa ajili ya mikokoteni, na nasema alhamdulillah kwa hilo, maana maji yangemaliza kabati lililobaki.

Mama alirudi akakuta nyumba nzima iko nje, barazani, inapiga chafya. Mjomba alikuwa uani peke yake, mikono imevimba malengelenge hadi kwenye kiwiko, anatikisa sinia kuona uzito wa mafuta.

"Dada," akasema kabla hajaulizwa, "hii haiogopi maji."

"Na mimi je?" akauliza Mama.

Mafuta ya korosho yakapigwa marufuku kuvuka kizingiti. Mjomba akapakwa krimu na baba watoto, akalala kutwa mbili akiwa ameinua mikono. Mimi nilidhani yameisha. Niliusahau ugoro.

Ule unga wa hudhurungi ulikuwa tanini. Njombe kuna mashamba makubwa ya miwati, mti uliotoka Australia, yaliyoanzishwa 1949 na kampuni ya Tanganyika Wattle, ambayo wenyeji wanaiita TANWAT. Magome hubanduliwa, hulowekwa kwenye maji ya moto, maji yale hukaushwa, na kinachobaki ni unga mchungu wa kulainishia ngozi za wanyama ziwe ngozi za viatu. Pwani biashara hiyo ni ya zamani zaidi: enzi za Wajerumani magome ya mikoko ya delta ya Rufiji yalikuwa yakisafirishwa Ulaya kwa kazi hiyo hiyo. Na tanini nayo ni fenoli, ndugu wa damu wa kile kilichomo kwenye korosho, ila haina ukali wake. Afrika Kusini wameitumia viwandani tangu miaka ya 1970 mwanzoni kuungia plaiwudi na chipbodi za kukaa nje. Mti huiweka tanini kwenye gome ujilinde na wadudu na kuoza, kwa hiyo mende wetu hawangekuwa na hamu nayo. Haya yote Mjomba alikuwa akiyajua tangu siku ya kwanza. Nilipomuuliza kwa nini basi tulipitia muhogo, alisema unga wa miwati ni haba na mtu haanzi karamu kwa kuchinja ng'ombe.

Tanini peke yake haikazi. Inataka kitu cha kuifunga na inataka moto. Cha kuifunga alikipata kwa kijana mmoja anayepandisha watalii Kilimanjaro: vidonge vyeupe vya kuwashia majiko ya kambini, vinaitwa heksamini.

"Babu, hivyo vikipata moto vinatoa fomaldehaidi," binti akasema. "Ile ile."

"Kidogo," Mjomba akajibu, "na miwati inaidaka kabla haijafika mlangoni."

Kuhusu moto, kiwandani mashine hukandamiza kwa nyuzi 150 na zaidi. Sisi tulikuwa na pasi ya mkaa.

Usiku ule sitausahau. Kabati lilivuliwa skrubu zote, maana Mjomba alisema skrubu ni za watu wasio na imani. Ubao wa chini na miguu iliyoumuka ikatupwa. Mahali pake akakata plaiwudi nyembamba, akaipanga tabaka juu ya tabaka, na vipande vya mninga alivyookota Keko. Kila ungio akalipaka uji mzito mwekundu uliokaribia weusi, akafunika bati, akapitisha pasi. Si kupitisha juu juu, aliiegemea. Baba watoto alikuwa akipepea makaa na kubadilisha pasi, moja ikipoa nyingine iko motoni. Bati lilinguruma. Uji ulitokota kwenye mishono, ukatoa harufu ya gome lililolowa na ngozi mpya, kisha ukanyamaza, ukawa kioo. Karibu na daku walikuwa wamefika kwenye mlango wa mwisho, na mimi niliyekuwa nimekaa kitako kwenye kochi kusubiri waunguze kitu, nilijikuta nimeshika taa.

Kipande kilichobaki alikitia kwenye sufuria ya wali ya Mama, akakichemsha hadi mchana. Hicho si kichekesho. Viwanda hupima plaiwudi ya nje kwa kuichemsha. Maji yaligeuka rangi ya chai. Tabaka hazikuachana. Mama akakitoa kwa koleo, akakipiga kwenye sakafu, akajaribu kukipasua kwa kisu cha samaki, akashindwa. Hakusema kitu. Aliosha sufuria kwa mchanga, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Sikukuu ya Idd wageni walijaa sebuleni. Kabati lilisimama na mishono yake myekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwa kweli si zuri, linaonekana limetoka hospitali. Lakini milango inafunga kwa kidole. Mama alivipanga vikombe vyake mwenyewe, akawaeleza wageni kwamba gundi hii ni ya kwao, ya mti, na kwamba mdogo wake ameifanyia kazi maisha yake yote huko Njombe. Wifi yake akauliza kama si yeye aliyesema ni ugoro. Mama akampa kaimati nyingine.

Jioni wageni walipoondoka aliniita. Alisema ameamua kabati likae chumbani kwake, kwa kuwa vikombe ni vyake na gundi ni ya mdogo wake.

Baba watoto na fundi cherehani walilibeba hadi mlangoni, na hapo likakwama. Wakalilaza, likakwama. Wakaligeuza kichwa chini, likakwama na kukwangua fremu ya mvule iliyowekwa na baba yake Mama. Lilikuwa limeingia vipande, na vipande havipo tena. Baba watoto alitafuta skrubu ya kufungua. Akakumbuka. Akajaribu tindo kwenye ungio moja, tindo likateleza. Akajaribu maji ya moto, na Mjomba akacheka kwa mara ya kwanza tangu Mkuranga.

"Hiyo mkitaka iachie," akasema, "mchome kabati."

Mama alisimama koridoni akilitazama kabati, akautazama mlango, akatutazama sisi. Kisha akaingia sebuleni, akakaa kwenye kochi langu upande wa dirisha, pale panapoonekana baraza yote na kila apitaye Narung'ombe, akavuta pazia apime upepo.

"Basi kabati libaki," akasema. "Nyinyi mtahamia kule nyuma kesho. Mwambie mumeo aanze na kitanda."

Kitanda chetu kilitengenezwa Keko, ni cha bolti. Kilifunguka chote kabla ya saa tatu.